Kimya Kwenye Kipaza Sauti

Mimi mkaidi, sikatai. Baba alishafariki, kwa hiyo walii wangu alikuwa kaka yangu, na mimi nilimtaka yeye, basi, ndiye aniozeshe. Ami yetu akashikilia kuwa mgonjwa wa akili hawezi kuwa walii, ataniozesha yeye. Nikamwambia, "Ami, shikamoo nakupa kila siku, lakini hili siliachi." Mama akanifinya paja.

Kaka alikuwa na skizofrenia. Majirani zetu wa Michenzani walisema ana shetani. Mwenyewe alisema kuna watu wanamsemesha. Vidonge vilimtuliza, akarudi kazini kwake kwa seremala. Kosa tulilifanya sisi, mwezi wa Ramadhani. Tulimwona mzima, tukamwacha afunge kama wanaume wenziwe, na vidonge tukavifungia kabatini mpaka Idi. Kumi la mwisho lilipofika alikuwa anagombana na ngazi za jengo. Ufunguo wa kabati nlikuwa nao mimi.

Hospitali tulimkuta muuguzi, mama wa Kitumbatu asiyecheka ovyo. Nikamuuliza hasa hivi vidonge vinafanya nini.

"Ubongo una sehemu nyingi, zinapelekeana habari," alinambia. "Wewe si unakaa ghorofani? Basi kwa kaka yako kuna nyumba zinapiga kelele, mpaka sauti ya ndani anaisikia kama inatoka nje. Dawa inaipunguza nguvu dopamini, kemikali inayobeba habari hizo, na kelele zinashuka. Lakini dopamini hiyohiyo inapeleka amri mkononi na ulimini. Ndiyo maana utamwona mzito. Mzito si mwehu, mwanangu."

Nilitoka pale moyo unanidunda kwa furaha. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kunieleza! Nilimweleza kila niliyekutana naye, mpaka muuza urojo baada ya futari, naye akanisikiliza huku sahani yangu inapoa.

Kaka akarudi kwenye vidonge, na baada ya Idi Kubwa sheikh akamhoji mwenyewe: nani anayeoa, mahari gani, ameridhika? Akajibu polepole, yote sawasawa. Sheikh akasema huyu akili yake timamu. Ami akaomba maji ya kunywa.

Siku ya ndoa, baada ya Alasiri, mimi niko juu, hina mikononi, wanawake wamejaa chumbani, na msikiti uko chini ya dirisha letu. Kipaza sauti kikatuletea hotuba ya sheikh, kisha akamtaka kaka aseme maneno ya kuniozesha. Kimya. Tukangoja. Kimya bado.

"Keshapotea huyo," shangazi akasema.

"Hajapotea, ni dawa!" Nilisimama na ukaya wangu kichwani, napiga kelele, na biharusi hapigi kelele. "Mzito si mwehu!"

Ndipo sauti ikapanda, neno moja moja: "Nimekuozesha... dada yangu... kwa mahari mliyokubaliana." Vigelegele vikazima kila kitu. Nililia nikaharibu wanja wote, na wala sikujali.

Baadaye alipanda kunipa mkono.

"Nlichelewa," akasema.

"Dawa hiyo," nikamjibu, mjuzi mimi.

Akatikisa kichwa. "Wale watu wanaonisemesha walikuwa wananambia niseme wewe si dada yangu. Safari hii wanasema chini chini. Nikawangoja wamalize."