Mkata Nyasi wa Plouveran na Kikombe Kilichomponyoka Mara Tano

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Goulven Kerbrat amelala kifudifudi katikati ya uwanja wa mpira wa Plouveran, shavu moja chini, jicho moja wazi. Mgeni angeita gari la wagonjwa. Wenyeji wanapita kando ya uzio na baiskeli zao na kumsalimia tu.

"Zinasemaje leo, mzee?"

"Zinaomba zisisumbuliwe," anajibu bila kuinua kichwa.

Nyasi anazozitazama zina siku tisa. Kila Juni, msimu ukiisha, uwanja huu hunyonyolewa wote kama kuku, mchanga mpya ukatandazwa, mbegu zikamwagwa. Ni asubuhi hivi, kabla umande haujakauka, ndipo mtu huona kama zimeota sawasawa. Wenzake katika viwanja vikubwa wana vyombo vya kupimia. Yeye ana shavu. Inasemekana ananyoa upande wa kushoto mara mbili na wa kulia mara moja, ili shavu la kazi lisidanganywe na ndevu. Mwenyewe hakanushi.

Kerbrat ana miaka sitini na mitatu. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kilomita sita kutoka hapa, akavuna mboga za atichoki, akabeba makreti ya siagi, kisha akaingia uwanjani kama kibarua wa kuchora mistari. Hiyo ni miaka thelathini na moja iliyopita. Leo ndiye fundi mkuu wa nyasi. Mshahara wake ni yuro elfu mbili na hamsini kwa mwezi.

"Winga wetu wa kulia anazipata hizo kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu," anasema, na anacheka kwa kuwa winga huyo ni rafiki yake.

Plouveran ina watu elfu tisa. Uwanja una viti elfu kumi na nne. Siku ya mechi kila mkazi akikalia kiti chake, viti elfu tano vinabaki bila makalio, na bado uwanja hujaa, kwa sababu vijiji vyote vya jirani huhamia hapa na soseji zao zilizoviringishwa kwenye chapati za ngano nyeusi. Timu ya mji mdogo namna hii kucheza Ligi Kuu ya Ufaransa ni jambo ambalo watu wa Paris hulieleza kwa hesabu za bajeti. Watu wa Plouveran hawalielezi. Wanalichunga.

Msimu uliopita nusura liwatoroke.

Ligi Kuu ina ligi nyingine ndani yake, ambayo mashabiki wengi hawaijui: ligi ya nyasi. Kila mechi, uwanja hupewa alama na mwamuzi, nahodha wa timu ngeni na watu wa televisheni. Mei alama hujumlishwa, na fundi wa kwanza hupewa kikombe. Ni kikombe kidogo, kisichotosha hata cider, pombe ya tufaha, ya mtu mmoja. Kerbrat amekitamani tangu siku alizokuwa na nywele. Kabla ya msimu huo alikuwa ameshika nafasi ya pili mara nne, mara tatu akiwa nyuma ya klabu moja tajiri ya kusini yenye mafundi kumi na mmoja na taa za kuotesha nyasi wakati wa baridi.

Yeye ana msaidizi mmoja, Nolwenn Le Goaziou, mama wa watoto wawili aliyewahi kuendesha trekta, na banda linalovuja.

Mpaka wiki ya mwisho ya msimu, baada ya mechi thelathini na tatu, mambo yalikuwa hivi: katika ligi ya mpira Plouveran walikuwa wa kumi na saba, mguu mmoja ndani, mmoja daraja la pili. Wakishinda mechi ya mwisho nyumbani wanabaki. Sare au kufungwa, wanashuka. Katika ligi ya nyasi, Goulven Kerbrat alikuwa wa kwanza, na Juni hiyo angestaafu.

Jumanne ya wiki hiyo kocha Régis Lavaud alifika bandani na soseji mbili mkononi. Katika miaka miwili hakuwahi kukanyaga pale.

"Nikajua kuna msiba," anasema Nolwenn. "Kocha haji kwa watu wa nyasi na chakula bure bure."

Lavaud alikaa juu ya ndoo. Jumamosi, alisema, wanakuja Marvaux, na Marvaux wana winga wao wa kulia, Loïck Delblond, anayekimbia kama mtu aliyesahau sufuria jikoni.

"Kwenye zulia lako atatuua, Goulven. Usilinyweshe. Acha nyasi zikue, mpira umkwamie."

"Kocha, mimi ni wa kwanza."

"Najua. Wewe ni wa kwanza, mimi wa kumi na saba. Jumla kumi na nane. Tukigawana sawa, kila mtu wa tisa."

"Kwa nini usiwaambie mabeki wako wakimbie?"

"Nimewaambia tangu Agosti."

Kerbrat alikula soseji, akafuta vidole, akamwambia kocha kwamba atafikiri. Jioni hiyo hakugusa supu. Mkewe, Soizic, ambaye huuza mkate katika duka la kona na kwa hiyo hupokea habari zote za mji kabla hazijapoa, alikuwa keshajua.

"Unataka kikombe au unataka timu?" alimuuliza.

"Vyote viwili."

"Basi kaa hapo na supu yako iliyoganda, wewe mwanaume. Mimi naenda kulala."

Machungu yake si vigumu kuyaona. Akifanya alivyoombwa, anatupa kikombe cha mwisho wa maisha yake ya kazi kwa mkono wake mwenyewe. Asipofanya, na timu ikashuka, atakumbukwa kama mzee aliyenyoosha nyasi ili Delblond apite vizuri.

Jumatano asubuhi alikuja na karatasi. Alikuwa amechora uwanja nyuma ya bahasha ya bili ya umeme na kuugawa vipande vinne. Winga wa kulia, akishambulia kaskazini, hukimbia katika robo ya kaskazini-mashariki. Timu zikibadilisha magoli, hukimbia katika robo ya pili, iliyo kona ya mshazari. Robo mbili tu. Nyingine mbili hazigusi. Kwa nini basi kuharibu uwanja mzima kwa ajili ya miguu ya mtu mmoja?

"Nikamwangalia," anasimulia Nolwenn. "Nikamwambia, mzee, umesahau kitu. Winga wetu wa kulia naye anapita humo humo."

"Nani, Tanguy?" alijibu Kerbrat. "Tanguy hakimbii hata kwenye lami."

Tanguy Abgrall ana miaka thelathini na tano. Alizaliwa mtaa wa nyuma ya uwanja, na inasemwa kwamba mara ya mwisho alipokimbia kwa kasi yake yote, bei ya mkate ilikuwa bado inahesabiwa kwa faranga. Alipoulizwa kuhusu maneno hayo, hakukasirika.

"Ni kweli," alisema. "Mimi hupiga mpira, halafu naufuata kama mtu anayemfuata paka wake."

Kwa siku nne mashine haikuingia katika robo hizo mbili. Kwingine nyasi zilikatwa milimita ishirini na mbili kama kawaida. Huko ziliachwa mpaka ishirini na tisa, mahali kanuni inapokomea. Vinyunyizio vya pande hizo vilifungwa. Ili jicho lisione tofauti, Kerbrat alilaza nyasi kwa rola upande huu na upande ule, mistari ya kijani kibichi na ya kijani kizito, asubuhi na alasiri, mpaka Nolwenn akasema kizunguzungu kimempata.

Na mvua haikunyesha. Siku nne kavu, mwezi Mei, Plouveran, ambako mvua haikosi. Mapadri wawili waliulizwa kama kuna kosa mahali.

Jumamosi kamishna wa mechi alifika na rula yake. Alipima mahali patano, akakuta pote pako ndani ya kanuni, akaandika, akaomba kahawa.

"Aliniuliza mbona natokwa jasho," anasema Kerbrat. "Nikamwambia ni umri."

Dakika ya kumi na moja Delblond alipata mpira. Akausukuma mbele hatua nane, kama afanyavyo katika viwanja vyote vya Ufaransa, akamzunguka beki kutoka upande wa pili. Mpira ulikwenda hatua nne ukakaa. Delblond akaupita. Akasimama, akageuka, akautazama kama mtu aliyeitwa jina na asimwone aliyemwita. Dakika ya kumi na tisa yakatokea yale yale. Dakika ya thelathini na mbili alivua kiatu akakikagua soli. Jukwaani watu walianza kumuuliza kama ameuegesha mpira vizuri.

Lakini kutofungwa hakukutosha. Plouveran walihitaji goli, na mpaka dakika ya sabini na saba ubao ulisoma sifuri kwa sifuri. Soizic, ambaye hukaa jukwaa la mashariki na kikapu cha biskuti za siagi, anasema zilikuwa zimebaki tatu na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

Dakika ya sabini na nane beki mmoja wa Plouveran alibutua mpira mbele, upande wa kulia, bila kumlenga mtu. Ulikuwa mpira wa kutoka nje. Beki wa Marvaux aliona hivyo pia. Akauacha, akanyoosha mkono kwa mshika kibendera kudai wa kurusha. Mpira ukaingia kwenye nyasi ndefu, ukapunguza mwendo, ukazunguka mara moja, ukasimama hatua moja kabla ya mstari.

Abgrall alikuwa anakuja nyuma yake, kwa mwendo wake ule wa kwenda kununua gazeti.

"Nilimkuta paka wangu pale peke yake," anasema. "Ningemkosaje?"

Akapiga krosi. Mshambuliaji wa kati akaruka, akaweka kichwa. Moja kwa sifuri, na ikabaki hivyo hadi filimbi ya mwisho.

Kerbrat alikuwa amesimama kwenye mlango wa kutokea vyumba vya kubadilishia nguo, na anakiri kwamba goli hakuliona. Alikuwa anatazama mahali beki wa Marvaux alipochimba kisigino. Kisha wachezaji kumi wa Plouveran wakakimbilia kona, wakateleza kwa magoti, safu moja, wakiacha mifereji kumi katika robo ambayo hakuiachia nyasi ndefu, robo nzuri.

"Watu elfu kumi na nne wanalia kwa furaha," anasema Nolwenn, "na yeye ananishika mkono ananiambia, ona, wameniulia watoto."

Kilichomwangusha hakikuwa magoti. Kipindi cha pili jua lilishuka, na jua la chini halidanganyiki na rola. Kamera ya juu ilionyesha robo mbili nzito, wazi kabisa, kona kwa kona. Mtangazaji alisema uwanja wa Plouveran unafanana na suruali iliyotiwa viraka. Watu wa televisheni walitoa alama kumi na moja kati ya ishirini. Nahodha wa Marvaux alitoa sita, na inasemekana aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Matokeo yalitangazwa Jumatano. Wale wa kusini wa kwanza. Plouveran wa pili, kwa tofauti ya alama tatu za jumla ya msimu mzima.

Kocha Lavaud alikwenda tena bandani, safari hii mikono mitupu.

"Sijui niseme nini," alisema.

"Sema asante halafu ushike reki," alijibu Kerbrat. Wanaomjua kocha wanathibitisha kwamba alishika reki hadi adhuhuri, na kwamba hajui kuitumia.

Mji nao ulisema asante kwa namna yake. Kwa wiki mbili mzee hakulipia kahawa popote. Mtu mmoja ambaye hajulikani mpaka leo aliacha mlangoni kwake sufuria ya shaba iliyosuguliwa, imechorwa maneno "Wa kwanza" kwa msumari. Soizic anapikia jamu humo.

Anajuta?

Kerbrat anakuna shavu la kazi. "Siku ya kwanza, sana. Siku ya pili nikaenda kununua mkate, nikaona watoto wa shule wamevaa jezi zetu, wanabishana nani atakuwa Tanguy. Miaka yote walikuwa wanagombea kuwa Delblond au mwingine wa televisheni. Hakuna mtoto aliyewahi kutaka kuwa Tanguy. Nikarudi nyumbani nikala vizuri."

Wiki iliyofuata aliingia ofisi ya klabu akaomba kustaafu kusogezwe mwaka mmoja. Walikubali kabla hajakaa kwenye kiti. Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Soizic, ambaye alikuwa ameshachagua mapazia ya gari lao la kutembelea Ureno.

"Mwaka mmoja?" alimuuliza.

"Mmoja."

"Na Lavaud akija na soseji?"

"Nitafunga mlango."

"Hutafunga," alisema Soizic, akayakunja mapazia akayaweka kabatini, juu kabisa lakini mahali mkono unapofika.

Msimu mpya unaanza wiki ya pili ya Agosti. Plouveran wamesajili mabeki wawili, mmoja wao inasemekana anakimbia. Kerbrat ameomba vinyunyizio vipya na paa la banda, ameahidiwa paa. Mpango wake ni kukata milimita ishirini na mbili, pande zote nne, kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho, na kutomsikiliza mtu.

Sasa nyasi za siku tisa zimekauka umande. Anainuka kwa awamu, goti moja halafu lingine, na kujipangusa mchanga.

"Sitaki makuu," anasema. "Nataka msimu mmoja tu ambao timu yangu haitanihitaji."