Kifua cha Mbwa wa Makongeni

Juzi nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo karibu na Soko la Burma. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Makongeni, kando ya viwanda, amembeba mbwa mdogo ndani ya leso. Mbwa huyo alikuwa akikohoa kwa sauti kama ya bata, na ulimi wake ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau.

Daktari alimsikiliza kifua, kisha akachukua mrija wa soda na kuubana kwa vidole. "Bomba lake la hewa limelegea, mama. Akivuta pumzi linajibana hivi. Halitapona, dawa itampunguzia tu. Lakini asikae penye moshi."

"Daktari, tunaishi chumba kimoja. Jiko la makaa liko humo humo. Tukifungua dirisha, unaingia moshi wa viwandani."

"Basi mtafutie pengine pa kulala."

Mama alimpapasa mbwa shingoni, akauliza polepole, "Na binti yangu je? Anakohoa hivi hivi."

"Mimi ni wa wanyama, mama. Mpeleke hospitali."

"Nilimpeleka. Walimpa dawa ya homa, wala hawakumgusa kifua."

Alichukua dawa ya mbwa, akaondoka. Katika chumba chao kile, nadhani, ni mbwa peke yake anayejulikana anaumwa nini.