Opereta Amefungwa

Mama aliniuliza jikoni, akimenya ndizi: huko chuoni nasomea nini hasa? Ekegusii yangu ilinitoroka, nikakimbilia Kiswahili, nacho hakikunisaidia sana. Nikamjibu, "Nathibitisha kwamba opereta amefungwa."

Sabato hiyo alisimama kanisani akaomba waumini waniombee katika kazi hiyo. Sasa, kwetu Manga opereta ni mwendeshaji wa bodaboda, hakuna mwingine. Kabla sahani za mchana hazijaoshwa, kijiji kizima kilishajua kwamba nimeandikwa kazi na polisi.

Asubuhi ya kutetea tasnifu yangu nilishuka hadi steji ya bodaboda na mama, yeye amevaa gauni lake la harusi za watu. Watahini walikuwa Kisii mjini, na si watu wa kungoja. Nikichelewa, miaka yangu yote ya kukuna kichwa ingekwenda na maji. Tulisalimia. Hakuna aliyewasha pikipiki.

"Wewe ndio unataka sisi tufungwe?" mwenyekiti wa steji akauliza.

Nilipandwa na hasira. "Opereta yangu haina pikipiki! Ni hesabu. Unaipa kitu, inakusanya thamani zake zote, inaipa kila moja uzito wake, inajumlisha, inatoa kitu kipya. Kazi yangu ni kukadiria inaweza kukuza mambo mara ngapi, ikizidisha kabisa. Kama kuna kiwango haiwezi kuvuka hata uipe nini, basi imefungwa. Hakuna jela hapo!"

Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyesoma akapitiliza.

"Haya, chukueni mama yangu," nikasema. "Anakusanya maneno ya kijiji kizima. Ya jirani wa karibu anayapa uzito, ya ng'ambo ya mto anayapunguza, anachanganya, inatoka habari moja. Mimi nilimpa sentensi fupi tu. Ikatoka na polisi! Huyo hajafungwa. Huyo hana kiwango."

Steji nzima ikaangua kicheko, na pikipiki zikawashwa. Mama hakucheka. Alipanda ya kwanza, akaniachia ya pili, na tulipofika mjini akanipita kama mtu asiyenijua.

Watahini walinibana mahali nilipopaogopa: je, hicho kiwango changu hakiwezi kupunguzwa? Niliwaandikia ubaoni mfano mmoja unaoisukuma opereta hadi karibu kabisa na ukomo wake. Wakanitoa nje, wakaniita tena, wakanipa mkono.

Mama alikuwa kwenye benchi la ukumbini. "Nimepita," nikamwambia. Simu yake ikalia papo hapo. Alikuwa jirani yetu, akitaka habari yote.

"Amepita," mama akasema. Akataka kuendelea, sauti ikakataa, akabaki ameishika simu na machozi yakimtoka. Neno moja liliingia, neno moja likatoka. Nilifurahi kiasi kwamba nusura nimwombe radhi kwa yale ya steji.

Sabato iliyofuata, mzee wa kanisa alinivuta kando, akapandisha suruali, akanionyesha goti lililovimba.

"Daktari," akasema, "tumesikia umepita ile ya opresheni. Hii utaipasua lini?"

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.