Kibuyu Nilichokataa Kukifunua

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha kigoda cha kale kwa sabuni ya unga. Nilikuwa nimetoka Runyenjes, kule Embu, nimelelewa na mama ambaye kwake kitu kichafu ni aibu ya nyumba nzima, na makumbusho yetu ya Meru yalijaa vumbi. Mhifadhi Mkuu alinikuta nikisugua.

"Mama, hapo umeharibu," akasema. "Hayo mafuta na jasho la mwenyewe ndiyo watu wanakuja kuona."

Tangu hapo nikajifunza kufuta vumbi kwa brashi laini, kuvaa glavu za pamba, na kuandika nambari ya kila kitu chini yake, mahali mgeni haoni. Bosi huyo alinifundisha kazi, na simnyimi haki yake.

Baadaye nikapewa rejista. Kila kitu kinachoingia huandikwa: kimetoka kwa nani, kilitumika vipi, kimetolewa kwa masharti gani. Mzee M'Ikiara wa Ruiri alituletea kibuyu cha ukoo wao, kile ambacho wazee hunywea uki, pombe ya asali, kisha huwapulizia watu kifuani kuwabariki. Kilikuwa kimefunikwa ngozi ya mbuzi.

"Mwari wakwa," akaniambia, yaani binti yangu, "hii ngozi haitoki. Wazee wakitaka kubariki, watakuja wafungue wenyewe. Andika hivyo."

Niliandika, nikatia sahihi yangu.

Kisha mimi na Mhifadhi Mkuu tukapelekwa mafunzo Uturuki. Huko Istanbul tulitembezwa katika jumba la kale la masultani wa Uthmaniya, ambalo sasa ni makumbusho. Niseme kweli, dhahabu ilinichosha mapema. Kilichonisimamisha ni chumba cha masalia matakatifu ya Waislamu. Msomaji ameketi pembeni anasoma Kurani, zamu yake ikiisha anaingia mwingine. Vitu vingine vimo ndani ya masanduku yaliyofungwa, huvioni kabisa, na bado watu wamepanga foleni. Mtalii mmoja aliinua kamera, mlinzi akatikisa kichwa, mtalii akaishusha. Bosi wangu, mzee wa kanisa, alivua kofia bila kuambiwa.

Mwezi haukuisha tangu turudi, akaniita ofisini. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake kutoka Nairobi. Alitaka ngozi itolewe na kibuyu kimulikwe taa.

"Masharti yako kwenye rejista," nikamwambia.

"Wewe ni wa Embu. Hicho kibuyu hata si chenu."

"Sahihi ni yangu."

"Nani atatoka Nairobi aje kuangalia ngozi ya mbuzi?"

"Sisi tulipanda ndege tukaenda kuangalia sanduku lililofungwa. Na kofia ukavua."

"Ile ni dini, mama."

"Na hii ni nini?"

Aliniagiza nimletee ufunguo wa kabati la kibuyu kabla ya jioni. Nilikasirika. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na nilijua kazi inaweza kuniponyoka. Nikachukua boda boda hadi Ruiri, nikautia ufunguo mkononi mwa Mzee M'Ikiara.

Kesho yake alikuja nao, akasimama mbele ya kabati akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Wageni walipouliza ndani kuna nini, akawaeleza kibuyu kinavyobariki, tangu kuchagua asali hadi kupulizia, na kabati halikufunguliwa. Walimsikiliza kwa muda mrefu kuliko walivyotazama kitu kingine chochote.

Mimi nilipata barua ya onyo kwa kukaidi amri, pamoja na uhamisho hadi bohari ya zana za kilimo, Embu. Adhabu gani hiyo, kumrudisha mtu karibu na mama yake? Nilihesabu majembe huko hadi nikastaafu, na kibuyu mpaka leo kimefunikwa.

Siku ya kuaga, mkuu mpya wa bohari, kijana mwenye heshima zake, alifungua faili langu akaichomoa ile barua.

"Mama, hii naweza kuitoa," akasema. "Uende nyumbani ukiwa msafi."

Nikamwambia airudishe. Faili lile lilikuwa nene, limejaa maombi ya likizo na ripoti za kila mwaka zinazosema utendaji wangu ni wa kuridhisha. Karatasi hiyo moja tu ndiyo iliyoandika kazi niliyoifanya.