Mkata Tiketi na Safari ya Saa Moja

Hebu mwone anavyoingia wodini. Mtu wa makamo, shati limemganda mgongoni, kibegi kimoja mkononi, anasoma namba za vitanda kama abiria anayetafuta kiti chake. Kazini wanamwita Saa Moja. Ni mkata tiketi, na miaka mingi ameketi nyuma ya kioo akiuza safari za kuja jiji hili hili alilofika leo. Mteja akiuliza kama ni mbali, humjibu huku akichapa: "Kilomita mia tano na ushei, mama. Saa moja tu angani. Hata usingizi hautakukolea."

Jiji hili ndiko anakokaa dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa kushona sare za watoto wa watu.

"Mziwanda wangu, utakuja lini?" dada alizoea kumuuliza kwenye simu.

"Nakuja, dada. Kwani mbali? Saa moja tu!"

"Haya. Siku hiyo usije umeshiba, nisije nikakufukuza."

Wakacheka. Wala hakuwa akimdanganya. Safari ndefu mtu huipangia siku, huiombea ruhusa, huifungia mizigo. Safari ya saa moja haina siku yake. Itakuwa kesho, na kesho haiishi. Kaka yao mkubwa anaishi ng'ambo ya bahari, mwendo wa kutwa na kucha, naye amekwisha kuja mara tatu. Huyu wa jirani, miaka saba hajakanyaga.

Jana mpwa wake akapiga simu. "Mjomba, mama hali wala hanywi. Anakuulizia wewe. Ukitaka akuone akili ikiwa bado ipo, njoo sasa."

Asubuhi alikuwa wa kwanza uwanja wa ndege. Ukungu ukatanda, abiria wakaambiwa wasubiri. Akasubiri mpaka kiti kikamchoma. Mzee aliyeketi kando yake akanung'unika, "Aliyeniuzia tiketi aliniambia saa moja. Saa moja ya nchi gani hii?" Siku nyingine angecheka. Leo aliinamisha kichwa.

Kuruka, walikuja kuruka adhuhuri, na angani kweli ilikuwa saa moja. Kisha foleni ya kushuka, foleni ya teksi, magari yamekwama darajani, hayaendi mbele wala nyuma. Simu ikalia.

"Mjomba, uko wapi? Anakuita tangu asubuhi."

"Nimeshatua, mwanangu," akajibu, na hapo ndipo alipoelewa kwamba kutua si kufika.

Basi sasa amekiona kitanda. Mpwa anainuka, anampisha kiti. Dada yu macho, amekonda hadi mashuka yanamzidi. Anamtazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa watu wengine.

"Mama, ni mjomba huyu. Mziwanda wako."

"Mziwanda hajafika," dada anasema taratibu. "Yuko njiani, ataingia." Kisha anaupapasa mkono wa mgeni, anaushika. "Karibu, baba. Pole na safari. Umetoka mbali?"

Mpwa anageuza uso kuelekea dirishani. Vidole vya dada havijamwachia. Anangoja kujibiwa, kama anavyongoja mwenyeji yeyote mwenye heshima zake. Nawe uliyekuja nami mpaka kitandani hapa, ungekuwa ndiwe umeshikwa mkono huo, ungemwambia umetoka umbali gani?