Usiniulize Kiswahili Chake

Mwaka ule nilipopata diploma ya sekondari, sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilikuwa nikianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na mama ufukweni mwa mji wetu wa Baraka. Nilikuwa nikiacha samaki nusu yao hawajageuzwa, nikaenda kusimama kando ya barabara iendayo mjini Uvira kana kwamba kuna gari lililokuwa likinitafuta.

"We mutoto," mama alikuwa akiniita, "ile miguu yako iko na nini?"

Aliyenipa cha kufanya ni mwanamke mkimbizi kutoka Burundi, aliyelima muhogo katika shamba letu. Alinizidi umri, nami nikamwita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa. Kabla ya kukimbilia kwetu alikulia kambini Tanzania, na mwalimu wake wa huko alikuwa na sheria moja: neno la Kiingereza halitafsiriwi, linaelezwa.

Siku moja, tukipalilia, alinitupia neno "reluctant". Nikamwuliza kwa Kiswahili ni nini.

"Usiniulize Kiswahili chake," akasema. "Uniulize ni muntu wa namna gani."

Akanieleza kwa Kiingereza, polepole: ni mtu anayeombwa jambo, akalifanya, lakini moyo wake umebaki nyuma. Nikacheka. Mtu huyo nilimjua. Ni mimi mwenyewe, kila asubuhi mbele ya ndagala.

Tangu hapo nikashikwa. Yaya alikuwa na kamusi kuukuu isiyo na jalada, Kiingereza kikielezwa kwa Kiingereza. Neno lilinipeleka kwa jingine nisilolijua, na hilo kwa jingine, nami nilipenda kule kukimbizana. Nilikariri maana nikichota maji. Nilikariri kanisani, midomo ikicheza katikati ya mahubiri, mpaka mama akanifinya paja. Nilipofika kwenye "yearn", kutamani mno kitu ambacho huenda usikipate, nilishinda nalo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Kisha yaya akaja mbio kutoka shambani, jembe bado begani.

"Bale ba kuhamisha bakimbizi baliniita! Naenda Amerika!"

Nilimkumbatia, huku nikimwonea wivu. Asubuhi ya safari, kando ya gari, alinipa ile kamusi. Alitaka kuniambia jambo. Akajaribu Kiingereza, akajaribu Kirundi, kisha akashika tu mkono wangu. "Basi, mudogo yangu. Basi."

Baada yake Baraka ilinibana zaidi. Niliposikia kuna shirika linatafuta mkalimani wa Kiingereza, nilivaa kitenge kipya nikaenda. Mwanamke mgeni aliyenihoji alikuwa mpole. Aliniomba nimweleze kazi tunayofanya nyumbani, basi. Nami nilikuwa na maneno mazito ya kutosha kujenga ukuta, lakini sikuwa na la kugeuza samaki, wala la mchanga unaoganda vidoleni. Nikamwambia mama yangu ni "meticulous" kwa namna "inevitable". Kwa Kiswahili ni kama kusema mama ni mwangalifu kwa namna isiyoepukika.

"Sema kwa maneno rahisi," akaniomba.

Hayo rahisi sikuwa nayo. Wakachukua mwingine. Nilirudi ufukweni bila kumsalimu mtu, nikageuza ndagala kwa hasira hata nikawavunja. Mama alinisogezea kikapu kingine.

Miezi ilipita kabla yaya hajapiga simu. Kazi yake huko Amerika ilikuwa kufua mashuka ya hoteli.

"Yaya, maneno yetu inakusaidia?"

"Ata moja! Hapa banasema 'get' tu. Get up, get off, get over. Neno ile ile, na kila mara maana ingine." Tukacheka mpaka mtandao ukakatika. Alipopiga tena, aliniuliza, "Ebu angalia kwa kamusi. 'Get over' ni kitu gani?"

Nikafungua, nikatafuta, nikamsomea: ni kuacha kuumizwa na jambo lililokwisha kupita.

Nilisikia mashine zikinguruma nyuma yake.

"Basi iyo," akasema, "mi sijaijua bado."

Tangu siku ile nilianza upya, na maneno madogo. Nilijifunza kusema kwa Kiingereza kwamba samaki wamekauka, kwamba mvua inakuja, kwamba nimechoka. Shule moja ya Fizi, kule milimani, ilipotafuta mwalimu wa Kiingereza, nilijieleza mbele ya mkuu wake bila kujikwaa, wakanichukua. Nilipanda na lori la mihogo, nimekalia magunia.

Sasa ni mwaka wangu wa pili huku. Kuna baridi, na wanafunzi wananiita madame. Nimeanza kuulizia shule za mbali zaidi. Juzi mama alinipigia simu.

"Umetulia sasa?"

"Bado, mama."

"Sawa," akasema. "Kula vizuri tu."