Mama Ratiba na Safari ya Mzee

Ofisini walimwita Mama Ratiba, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka kumi na tisa alikalia meza ile ile, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, akiwapangia watu likizo za kwenda kuona wanyama. Alijua lango gani la hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili kamili na lipi walinzi wake huchelewa. Alijua daraja lipi humezwa na maji mvua ikishika siku mbili, kambi ipi ina maji ya moto na ipi inadai tu kuwa nayo. Mteja akisema mkewe anaumwa mgongo, Mama Ratiba alimbadilishia barabara papo hapo, bila kufungua ramani.

Wateja hawakujua kwamba hakuwa amekanyaga hata moja ya hifadhi hizo tangu aanze kazi. Bosi wake alipotaka kumpeleka ziara ya kikazi, mara ya kwanza aliumwa jino. Mara ya pili alifiwa na shangazi ambaye, ukweli usemwe, alikuwa ameshazikwa miaka sita. Bosi akaelewa, akaacha kumwuliza.

Kisa kilianza akiwa na miaka kumi. Baba yake alikuwa dereva wa watalii, na siku moja ya mapumziko alimpakia binti yake garini wakaingia hifadhini wawili tu. Alimkataza kutoa kichwa nje ya paa lililofunguliwa gari likiwa linakwenda. Mtoto akatoa kichwa, upepo ukampokonya kofia. Baba akasimamisha gari, akashuka. Kufumba na kufumbua, nyati dume akatoka kichakani. Mtoto alimwona baba yake akirushwa juu kama nguo iliyong'olewa na upepo kwenye kamba, akaona na damu. Gari jingine lilipita likawaokoa. Mzee alipona, ila mguu wa kulia haukukunjika tena maishani mwake. Aliacha udereva akawa mtunza stoo kwenye gereji, akigawa vipuri mpaka alipostaafu. Habari ya kofia haikutajwa nyumbani hata siku moja, na binti hakuwahi kumweleza mtu.

Sasa mzee alikuwa na miaka sabini na sita, amefiwa na mkewe, anaishi kwa binti yake katika chumba cha nyuma. Kila Jumapili mchana Mama Ratiba alimkata kucha za miguu, kwa sababu mwenyewe hakuweza kuufikia ule mguu mgumu. Jumapili moja, mguu ukiwa mapajani mwa bintiye, mzee akasema, "Nataka kurudi kule hifadhini. Siku tatu tu. Wewe ndiye fundi wa kazi hiyo, mwanangu. Nipangie."

Mkasi ulisimama. Mama Ratiba akasema sawa, ataangalia, akaendelea kukata, na ukucha uliofuata akaukata vibaya mpaka mzee akashtuka.

Kesho yake ofisini alifungua faili jipya, akaandika siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, kazi ambayo kwa kawaida humalizika kabla chai haijapoa. Safari hii kila mstari ulimtia hofu. Akiandika "kuingia langoni" moyo unamwenda mbio. Akiandika "kuzunguka kuona wanyama" anaona mwili wa baba yake hewani. Alipiga simu kambini na kumwuliza msimamizi kama hema zao zimezungushiwa uzio. Yule msimamizi akacheka.

"Mama, umetuletea wageni miaka yote hii, leo ndiyo unauliza uzio?"

Mama Ratiba akakata simu. Ilimjia kwamba alikuwa amewapeleka mamia ya watu, wazee kwa watoto, mahali ambapo yeye hangethubutu kulala hata mara moja, na usiku wa siku hiyo akaota sura zao.

Basi akaanza kumpiga baba yake chenga. Kwanza alisema mvua imeharibu barabara. Wiki mbili baadaye akasema kambi imejaa. Mwezi uliofuata ikawa gari limeharibika gia. Mzee alisikiliza kila mara akiitikia kwa kichwa, hakubisha. Utulivu wake huo ulimtisha binti zaidi ya ubishi. Alimjua baba yake: akinyamaza, ameshaamua.

Jumanne moja saa sita alirudi nyumbani kuchukua karatasi alizozisahau, akakuta chumba cha nyuma kitupu. Kitanda kimetandikwa, fimbo haipo, na mkoba mdogo wa mzee haupo. Aliita, akatazama bafuni, akatoka uani. Jirani akasema alimwona mzee asubuhi akielekea barabara kuu, amevaa koti.

Akilini Mama Ratiba alimwona baba yake ameshuka peke yake kando ya barabara ya vumbi, mguu unaburuta, vichaka pande zote. Alikwenda mbio hadi stendi, akauliza wakata tiketi mmoja baada ya mwingine kama wamemwona mzee anayechechemea. Mmoja akasema wazee wanaochechemea wako wengi, amtaje vizuri. Mama Ratiba alikuwa ameegemea ukuta, roho mkononi, simu yake ilipolia. Alikuwa dada wa mapokezi wa ofisini kwao.

"Mama, kuna mteja wako hapa anakusubiri tangu saa sita. Anasema ni baba yako."

Alimkuta mzee ameketi kwenye kiti cha wateja, fimbo kati ya magoti, mkoba mapajani. Alikuwa amepanda ngazi zote zile kwa mguu ule. Hofu ya binti iligeuka hasira kwa sekunde moja, akaanza kumfokea, mzee akainua mkono.

"Usinifokee mbele za watu. Mimi ni mteja," alisema. "Barabara haijaharibika. Madereva wenzangu wa zamani nimewauliza. Kambi haijajaa. Sasa niambie, mwanangu, unaogopa nini?"

Mama Ratiba alitazama mlango. Kisha akakaa, na akajikuta anasema yale aliyoyafungia kifuani miaka thelathini na saba. Alisema aliukaidi mkatazo, akatoa kichwa, kofia ikaruka, baba akashuka kwa ajili yake. Aliongea kwa sauti ndogo sana hata mzee akalazimika kuinama.

Mzee akauliza, "Kofia gani?"

"Ya rangi ya samawati, baba. Uliyoninunulia wewe."

"Sikumbuki kofia. Mimi nilishuka kutazama tairi. Ninachokumbuka ni honi. Uliirukia ile honi ukaipiga, ukaipiga, mpaka yule mnyama akaniacha. Nilidhani unajua."

Hakujua. Katika kumbukumbu zake hapakuwa na honi. Palikuwa na mtoto aliyejikunyata chini ya kiti, amefumba macho. Alimkazia baba yake macho atafute uongo usoni mwake, maana mzee katika ujana wake alisifika kwa kuwasimulia watalii hadithi zilizotiwa chumvi. Hakuweza kujua. Aliuona uso wa mtu aliyechoka kupanda ngazi, basi.

Hofu haikuondoka, ila uongo wa kuisitiri ulikuwa umekwisha. Wiki ile alipanga safari jinsi ambavyo hakuwahi kumpangia mtu. Alichagua dereva mmoja aliyeitwa Kimya, mwenye miaka ishirini barabarani na maneno machache kwa siku. Alidai matairi mawili ya akiba na redio ya mawasiliano, akaikagua mwenyewe. Aliandika namba za daktari kwenye karatasi tatu, moja akaishonea ndani ya koti la mzee. Palipoandikwa "msafiri wa pili" alikaa muda mrefu na kalamu mkononi. Kisha akaandika jina lake mwenyewe, haraka haraka, asije akaghairi.

Langoni alimwomba Kimya asimamishe gari. Alishuka, akatapika kando ya barabara, akasukutua, akapanda tena. Mzee alimpa leso. Siku ya kwanza yote Mama Ratiba hakuona mnyama hata mmoja, kwa vile macho yake yalikuwa kwenye sakafu ya gari. Alisikia baba yake akitaja, twiga, pundamilia, tembo na mtoto wake, kama anayesoma majina ya majirani.

Siku ya pili, asubuhi, gari lilipunguza mwendo likasimama. Kimya akazima injini. Mama Ratiba akainua macho kabla hajajizuia.

Nyati walikuwa wanavuka barabara. Kundi zima, weusi, wamepakaa tope, wanapita taratibu. Nyuma yao dume mmoja mzee akasimama katikati ya njia, akageuza kichwa kikubwa, akainua pua. Alikuwa mbali kiasi cha hatua kumi na tano. Mama Ratiba alitaka kumwambia Kimya arudishe gari nyuma, ulimi umekufa ganzi. Ikampitia akilini kwamba hapa ndipo safari itakapoishia, na kwamba ameipanga mwenyewe, kwa mkono wake, saa tatu na nusu asubuhi, siku ya pili.

"Usimtazame yeye," mzee alinong'ona. "Nitazame mimi."

Akamtazama. Wakatazamana hivyo, hajui kwa muda gani, mpaka Kimya akasema neno lake la kwanza tangu alfajiri: "Kaenda."

Mama Ratiba alishindwa kuachia kiti. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye kitambaa. Mzee aliushika mkono wake akaanza kuvifungua kimoja kimoja, na hapo ndipo binti alipoona kwamba mikono ya baba yake inatetemeka kuliko yake.

"Kumbe na wewe?"

"Tangu langoni," mzee alisema. "Tangu siku ile, tuseme. Kila nikisikia kitu kizito kinapita nje nashtuka. Nilitaka nimtazame nyati mara moja nikiwa nimekaa, nisije nikafa nikiwa bado ninamkimbia."

"Na sasa?"

Mzee alifikiri. "Bado naogopa. Ila nimemwona. Ni mnyama tu, tena mzee kama mimi."

Asubuhi ya siku ya tatu mzee akasema inatosha. Ratiba ilisema waondoke jioni baada ya kuzunguka ukingo wa ziwa. Mama Ratiba aliichukua ile karatasi aliyoihangaikia wiki nzima, akaikunja, akamwambia Kimya watoke kwa lango lililo karibu zaidi. Njia nzima mzee alisinzia, kichwa kimeegemea dirisha. Binti alikaza macho kwenye vichaka mpaka matairi yalipogusa lami, na hata hapo bado aligeuka nyuma mara mbili.

Mbele kidogo ya lango palikuwa na hoteli ya wenye malori, wakasimama kula. Binti hakuwa amekula kitu cha maana kwa siku tatu. Alimaliza sahani yake bila kuinua kichwa. Mzee alimtazama, akaisukuma ya kwake mbele ya binti yake, naye akaila yote.